Wiski za singo molti nyumbani Mtwara: kwangu Talisker ndiyo imeshinda

Kwa muda sasa nimekuwa nikizinywa na kuzilinganisha wiski za singo molti nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, na jibu langu nalitoa mapema: kwa joto letu na kwa vyakula vyetu, Talisker ya miaka 10 ndiyo iliyonikaa. Glenmorangie naiheshimu. Laphroaig naipenda, ila ina siku zake. Glenfiddich ni nzuri kwa anayeanza. Lakini chupa ambayo ikiisha naumia kweli ni Talisker.

Kwa ambaye hajazijua, singo molti ya Uskoti ni wiski ya kimea cha shayiri peke yake, bila nafaka nyingine, iliyotengenezwa kwenye kiwanda kimoja. Shayiri inalowekwa, inaota, inakaushwa. Kimea hicho kikishachachuliwa kinachemshwa kwenye mitambo ya shaba, na mvuke wake unapozwa kuwa kileo kikali. Kisha kinalazwa kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3. Wiski za kuchanganya kama Johnnie Walker Red zinakusanya za viwanda vingi ili ladha isibadilike, ndiyo maana ukinywa moja umezinywa zote. Kwenye singo molti kila kiwanda kina tabia yake, na hapo ndipo utamu wa kuzilinganisha ulipo. Na ile miaka inayoandikwa kwenye lebo ni ya pipani tu. Ikishaingia kwenye chupa, hata ukiiweka kabatini mpaka mjukuu aoe, umri wake hauongezeki.

Sasa suala la joto, ambalo sijaona mtu akilizungumza kwa ajili yetu sisi wa pwani. Ushauri wa kila mahali ni kwamba wiski nzuri inywe kavu, kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa hapo ni cha Uskoti, nyuzi 18 au 20. Sebule yangu mwezi wa pili saa mbili usiku bado iko karibu na nyuzi 30. Ukimimina kwa joto hilo, kinachokufikia puani kwanza ni ukali wa spiriti, na matunda, asali na moshi vyote vinafunikwa. Barafu nayo siyo dawa, kwa sababu inaipoza kupita kiasi, ulimi unakufa ganzi, halafu inayeyuka na kuiharibu. Ninachofanya ni kuiweka chupa kwenye friji, si kwenye friza, kwa muda wa kuivisha sufuria ya wali, kisha namimina. Glasi inakuwa na ubaridi wa mbali tu, na harufu zinafunguka taratibu kadiri inavyopata joto la mkono.

La pili, zima feni. Najua ni adhabu kwa hali ya hewa ya Mtwara, lakini feni inapeperusha harufu yote, na wiski bila harufu inabaki kuwa pombe kali ya bei mbaya. Mimi namimina nusu toti kwenye glasi ndogo ya mvinyo yenye mdomo mwembamba, naifunika kwa kisahani cha kikombe, feni inaendelea kuzunguka kwa dakika chache, kisha naizima ndipo nafunua kisahani na kunusa. Hewa iliyojikusanya chini ya kile kisahani ndiyo inayokueleza karibu kila kitu. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo itolewe nje mapema, na siku hiyo udi usichomwe sebuleni. Wiski ya moshi na moshi wa dawa ya mbu haviwezi kukaa chumba kimoja.

Ninayeonja naye ni shemeji yangu, mtu wa Newala, mwenye pua kuliko mimi. Yeye ndiye anayemimina huku nimegeuka, anabandika namba chini ya kila glasi, halafu tunaanza na nyepesi tukimalizia na zenye moshi. Ukianza na Laphroaig, ulimi hautaisikia nyingine yoyote usiku huo.

Glenfiddich ya miaka 12 inatoka Dufftown, bonde la mto Spey, kiwanda kilichoanza kutoa kileo Krismasi ya 1887. Wenyewe wanaisifia harufu ya peasi. Mimi na shemeji peasi hatukukulia nayo, tunachokipata ni mabibo mabichi ya asubuhi, yale yaliyodondoka usiku na hayajaanza kuchacha. Ni laini na haina ugomvi. Kwenye joto letu lakini inaisha mapema mdomoni, na ukila kitu chenye pilipili kidogo tu, imepotea.

Glenmorangie niliyoonja ni ile ya miaka 10, ambayo mwaka 2024 kiwanda kiliibadilisha kuwa ya miaka 12, na ni hatua ya juu. Mitambo yao ina shingo ndefu kuliko zote Uskoti, zaidi ya mita 5, kwa hiyo mvuke mzito unarudi chini na mwepesi tu ndio unaofika juu. Kisha wanailaza kwenye mapipa yaliyokwisha kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani. Unaisikia hiyo: ganda la chungwa, vanila, asali kidogo. Hii ndiyo wiski ya kula na korosho. Nasema korosho iliyobanguliwa na kukaangwa bila chumvi, siyo ile ya pakiti yenye chumvi tele. Mafuta ya korosho yanatuliza ukali, na vanila inatokeza mara mbili. Tumezaliwa kwenye korosho, ni haki yetu kuifaidi hivi.

Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, kiwanda cha mwaka 1815. Kimea chao hukaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, unaochimbwa, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni. Harufu yake ya kwanza ni ya hospitali: ayodini, bendeji, mwani. Wengi huirudisha glasi hapo hapo. Nakuomba usiirudishe. Tia matone machache ya maji, subiri kidogo, utaona utamu unajitokeza nyuma ya ule moshi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uswidi walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikizimuliwa, guayakoli, molekuli yenye harufu ya moshi, inakaa zaidi juu ya uso wa kinywaji, karibu na pua yako. Maji yawe ya chupa. Kisima chenye chumvichumvi kitakuvurugia kila kitu.

Kwa nini basi Talisker? Inatoka kisiwa cha Skye, kiwanda kiko ufukweni pale Carbost tangu 1830, na ina asilimia 45.8 ya kileo, kwa hiyo hata ukiipoza na kuitia tone la maji bado ina mwili. Moshi wake ni wa kiasi. Utamu unakuja kwanza, halafu chumvi ya bahari, na mwishoni pilipili manga inayopanda kooni ikakaa. Shemeji alipoionja, aliiweka glasi chini akasema, "Shemeji, humu mna ng'onda." Alisema kweli. Tangu hapo tunainywa na pweza wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, na sijapata kinywaji kingine kinachokubaliana na pweza namna hiyo. Pilipili ya kwenye glasi inaipokea ya kwenye sahani. Glenfiddich pembeni yake inakuwa maji.

Bei ni kilio. Mara ya mwisho Glenfiddich ilinitoka laki moja na nusu na ushei, Talisker ikaelekea laki mbili na nusu. Hapa mjini Glenfiddich utaiona, hizo nyingine naagiza Dar kwa mtu anayekuja na basi, zikiwa zimefungwa ndani ya kitenge. Angalia stempu ya TRA kwenye kizibo na uihakiki kwa simu kabla hujalipa. Rangi isikudanganye, kwa sababu sheria ya Uskoti inaruhusu kutiwa karameli, rangi ya sukari iliyounguzwa. Kuna duka moja wamezipanga dirishani, jua la mchana linazipiga siku nzima. Niliyonunua pale ilikuwa imepauka harufu, na sirudi. Nyumbani isimamishe kabatini gizani, usiilaze, kwani kileo kikali hula kizibo.

Chupa ikibaki robo, hewa iliyomo inaanza kuipunguza nguvu, hasa hizi za moshi. Mimi nahamishia iliyobaki kwenye kichupa kidogo cha kioo, kinachojaa hadi shingoni. Kama una fedha ya chupa moja tu mwaka huu na unakaa Mtwara au Lindi, nunua Talisker, na umtafute muuza pweza mapema kabla hajamaliza.