Siku tatu za mapumziko: ukiwa Mwanza, lipia safari ipi?

Kwetu Tanzania, sikukuu ikiangukia Jumapili imekwenda. Hatuisogezi Jumatatu kama wafanyavyo jirani zetu wa Kenya. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chumba, fungua kalenda. Pasaka ndiyo ya uhakika kila mwaka, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Muungano ya 2027 ni Jumatatu. Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mwaka huohuo ni Alhamisi, ukipata ruhusa ya Ijumaa una siku nne. Idd inategemea mwezi kuandama, basi usilipie chochote kisichorudishwa.

Mimi napanga kwa kipimo kimoja: utakaa pale saa ngapi, na utakaa kwenye kiti cha gari saa ngapi? Pasaka moja tulimaliza siku mbili kati ya nne njiani, watoto wamelala wamepindana viti vya nyuma, na tulipofika nyumba ya wageni chumba tulichoahidiwa kwa simu kilikuwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo natuma arubuni na kutunza ujumbe wa malipo.

Namba moja ni kisiwa cha Ukerewe. Meli ya Nansio, mji wake mkuu, inaondokea Bandari ya Kaskazini, mjini kabisa, na baada ya saa tatu hivi majini umefika. Mwenye gari anazunguka Bunda hadi Kisorya, kisha anavuka na kivuko kwenda Rugezi. Njia ni ndefu zaidi, ila unafika na usafiri wako. Vyumba vya Nansio ni vya kawaida, sato ni wa leo, na bodaboda inakutosha kwa kuzunguka.

Amka mapema uende mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Utawakuta akina mama wanamwaga dagaa mchangani, wanawatandaza mpaka ufukwe unang'aa, huku watoto wakifukuza ndege. Na kama unaweza, nenda Idd el Fitr. Mwezi unakuwa mwembamba, usiku una giza, na hizo ndizo siku wavuvi wa dagaa wanatoka. Kaa ufukweni baada ya chakula cha jioni uone taa zao zilivyojipanga mbali ziwani, utadhani kuna mji mwingine huko. Hilo hulilipii hata senti.

Wengi wanapenda kuunganisha na kisiwa jirani cha Ukara kuona jiwe linalocheza. Ni safari nzuri, lakini sikukuu vyombo vinajaa. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, huko huko Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa katika kivuko kilichojengwa kwa abiria mia moja hivi. Chombo kikijaa, shuka. Ulizia jaketi la kuokolea kabla ya kukaa, na mvalishe mtoto hata kama ziwa limetulia.

Namba mbili, Serengeti kwa lango la Ndabaka. Wengi wa Mwanza bado wanadhani Serengeti ni ya kupitia Arusha, wakati lango hili lipo kandokando ya barabara ya Musoma, kilomita kama 140 tu. Lala Lamadi, nje ya hifadhi, ambako chumba ni nafuu, uingie alfajiri lango linapofunguliwa. Ukiingia asubuhi na kutoka jioni umekitumia kibali vizuri. Malipo si ya taslimu, yaandae mapema, na mbebe kitambulisho ili mlipe kiingilio cha raia. Gawaneni gari watu watano au sita. Ukanda huu wa magharibi nyumbu hupita kati ya mwishoni mwa Mei na Julai, kwa hiyo Sabasaba ina nafasi nzuri. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa mbugani unanasa gari. Usijaribu na gari dogo.

Tatu, Musoma na Butiama. Ni kwa wanaotaka kutulia: usiku mbili Musoma ufukweni, asubuhi moja Butiama kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu. Mabasi yapo Nyamhongolo. Oktoba 14 kuna watu wengi, weka nafasi mapema.

Nne ni Bukoba. Uzuri wake ni kwamba meli inasafiri usiku: unalala majini, unaamka umefika, mchana wako haujaguswa. Ila haiondoki kila siku, hivyo linganisha ratiba na sikukuu kabla ya kuwaahidi watoto. Kwa gari, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya kivuko, lakini barabara bado ni ndefu kwa siku tatu. Desemba 9 ina la ziada, maana ni msimu wa senene.

Rubondo, hifadhi ya kisiwani, nimeiweka mwisho, na inaniuma, kwa sababu ni msitu wa ajabu wenye sokwe waliotokana na wale walioletwa miaka ya 1960. Boti, kiingilio na malazi vinahitaji mfuko mzito. Iwekee Pasaka, ukiwa na siku nne.

Popote utakapokwenda ziwani, kichocho kipo. Usiwaache watoto wacheze kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Kama mmeoga ziwani, baada ya wiki kadhaa nendeni kituo cha afya mkapime, dawa ipo.

Ukibaki na siku moja tu, Kisiwa cha Saanane ni dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Bujora, pale Kisesa, ina makumbusho ya Wasukuma na ngoma za watemi, na Mei au Juni, sikukuu ya Ekaristi ikifika, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanashindana kucheza mpaka jioni. Daladala za Kisesa zinakufikisha karibu, malizia kwa bodaboda.