Sensa za kujitengenezea za kupima stata ya gari la zamani, maoni yangu baada ya kuzitumia

Wadau, kama una gari la kabureta la zamani na asubuhi ukizungusha funguo linakujibu tik halafu kimya, hii inakuhusu. Mimi hicho kitu kimenitesa muda mrefu, nimebadilisha betri, nimefungua stata (ile mota inayozungusha injini iwake) nikaweka kaboni mpya, linatulia wiki kisha linarudi palepale. Na ukimpelekea fundi linawaka mara moja tu, unaonekana umemsumbua bure. Ndo nikaamua kutengeneza sensa zikae humohumo kwenye gari, zirekodi kila mara ninapopiga stata.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida, Arduino Nano moja (kikompyuta kidogo unachokiprogramu), waya nne za kupimia, rezista na kadi ya memori. Pini za Arduino hazitaki kupita volti 5, kwahiyo kila waya una rezista mbili, ya kilo-omu 30 njiani na ya 10 inayoshuka kwenye hasi, volti 12 inafika kama 3 tu, na unaweza kusoma mpaka volti 20 kwa hatua za kama 0.02. Hasi ya Arduino unaifunga kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, siyo kwenye bodi ya gari, ukikosea hapo kazi yote haina maana. Waya wa kwanza unaenda kichwa cha chanya cha betri, wa pili ile teminali nene ya stata (namba 30), wa tatu ile nyembamba inayopokea umeme wa funguo (namba 50), wa nne kwenye chuma cha injini.

Huo wa nne ndo ulioniokoa. Asubuhi gari limegoma nikatoa kadi nikasoma: betri 11.4, teminali 30 ina 11.1, teminali 50 ina 10.6, chuma cha injini 2.9. Jamani 2.9! Hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri hata stata ikiwa inavuta, ikizidi nusu volti ujue ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) ina tatizo. Maana yake stata ilikuwa inabakiwa na volti 8.2 tu (11.1 toa 2.9) wakati betri iko vizuri. Na hiyo 11.4 nayo inasema kitu, betri iliyochoka ingeshuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga, hii imebaki juu kwa sababu umeme haupati njia ya kupita. Nikaenda kwenye ule mkanda wa ethi wa injini, kwa nje hauna shida yoyote, nikaukunja pale unapoingia kwenye kichwa chake ukaachia unga wa kijani, ndani nyuzi zimeliwa zimebaki chache. Injini ikitikisika zinagusana, gari linawaka, kesho zimeachana. Nimeweka mkanda mpya na sasa chuma cha injini kinasoma 0.2.

Mtu atasema hayo hata mita ya kawaida inapima. Ni kweli, ila mita inapima sehemu moja kwa wakati mmoja na lazima uwe umeishika gari linapogoma, na hili langu lilikuwa linagoma nikiwa peke yangu nimekaa kwenye usukani.

Sasa mabaya yake. Mwanzoni niliipa Arduino umeme wa betri hiyohiyo ya gari, ukipiga stata volti zinaporomoka, Arduino inazima na kuwaka upya, kwahiyo sekunde ile unayoitaka ndo hairekodiwi. Nikahamia pawabenki, nayo nyingine zinajizima zenyewe maana Arduino inakula umeme kidogo mno, jaribu kadhaa mpaka upate inayovumilia. Pili, ukiachia funguo koili ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inarudisha mshtuko mkubwa wa umeme, mimi uliniulia pini moja, weka dayodi ya zena ya volti 5.1 (inazuia volti zisipande zaidi ya hapo) kwenye kila pini kabla hujajaribu chochote. Na fyuzi ndogo ya ampea 1 kwa kila waya, karibu kabisa na pale unapoungia, hili sitaki mtu alirahisishe, waya mwembamba ukikwaruzika ukagusa bodi ya gari unashika moto.

Niliweka pia sensa ya Hall (inayohisi sumaku ya umeme unaopita) pembeni ya waya mnene wa stata ili ipime ampea. Kwa namba sikuiamini, ukiisogeza kidogo tu jibu linabadilika, na injini ikipata joto linabadilika tena. Ila ukitoa waya wa koili ya plagi gari lisiwake, ukazungusha injini, unaona mawimbi, kila pistoni inapokandamiza wimbi linapanda, na kwangu moja kati ya manne linapanda kidogo kuliko wenzake, kwahiyo wikiendi hii nafungua plagi nipime kompresheni ya silinda zote.