Gari la maksai darasani: uzoefu wangu na The Oregon Trail

Michezo ya kompyuta inayojiita ya elimu ilikuwa imeshanichosha. Programu moja niliyoitumia mwaka mzima ilikuwa maswali na majibu tu, yamepambwa kwa nyota na makofi. Wanafunzi wangu wa darasa la tano waligundua mapema kwamba ukibonyezabonyeza bila kusoma, jibu sahihi utalipata tu mwishowe na nyota zitamiminika vilevile. Ulipofika mtihani, walichokumbuka ni mlio wa makofi.

Mchezo ninaousifia leo, The Oregon Trail, ni mzee kuliko mimi. Ulitungwa mwaka 1971 na wanafunzi watatu wa ualimu huko Minnesota, Marekani. Mmoja wao, Don Rawitsch, alikuwa anatafuta namna ya kufundisha historia darasani. Wakati huo watoto hawakuwa na skrini, walisoma matokeo kwenye karatasi iliyochapwa na mashine. Mimi natumia toleo la 1990, ambalo limehifadhiwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na linachezwa kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Picha zake ni za kizamani kweli. Darasa lilicheka dakika tano, kisha likasahau kucheka.

Ndani ya mchezo, mwaka ni 1848. Unaongoza msafara wa watu watano kwa gari la maksai, kutoka Independence, Missouri, hadi bonde la Willamette kule Oregon, magharibi mwa Marekani, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Unanunua maksai, chakula, nguo, risasi na vipuri, halafu unachagua mwezi wa kuondoka. Ukitoka mapema mno, nyasi za kulisha maksai bado haba. Ukichelewa, theluji inakukuta milimani.

Nina kompyuta moja na projekta, basi. Kwa hiyo tunacheza pamoja, kundi moja likishika kibodi na mengine yakipiga kura. Sheria yangu ni moja: kila penye uamuzi nasimamisha mchezo, na hakuna kura bila sababu. Mtoni ndipo kelele zinapoanza. Tupite majini na magurudumu yetu, tuzibe nyufa gari lielee, au tulipe kivuko? Siku ya kwanza walikataa kulipa, wakidai ni ubahili wenye akili. Gari likapinduka, nusu ya chakula ikaenda na maji. Baada ya hapo hawakuacha kuuliza kina cha mto ni futi ngapi, na kugeuza futi kuwa mita wakajifunza wenyewe bila kusukumwa.

Lakini somo bora lilitoka mahali nisipopatarajia. Mwanzoni unachagua kuwa mwenye benki, seremala au mkulima. Mwenye benki anaanza na dola 1,600, seremala 800, mkulima 400. Wote walitaka benki, bila shaka. Walipofika mwisho wakaona kwamba mkulima alama zake zinazidishwa mara tatu, za seremala mara mbili, na za mwenye benki hazizidishwi. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo aliyetengeneza mchezo anajua kwamba maskini kafanya kazi kubwa zaidi kufika palepale?" Kipindi kizima kikaishia hapo. Sikugusa kibodi tena siku ile.

Kuna mambo ya kuangalia. Uwindaji unawalevya, hasa wavulana. Wanaua nyati wa Amerika watatu kwa mpigo, kumbe unaruhusiwa kubeba pauni 100 tu, kama kilo 45, nyama nyingine yote inaachwa porini. Niliwaambia kwamba wanyama hao walikuwa mamilioni, na kufikia mwisho wa karne ile walibaki mamia tu. Waliwinda tena wiki iliyofuata, ila kwa aibu kidogo.

La pili ni zito zaidi. Mchezo unatazama kila kitu kutoka kwenye kiti cha msafiri. Ardhi anayopita ilikuwa na wenyewe, wenyeji wa Amerika, na hao wanatokea kwa nadra, kama wasaidizi wa kuvusha mto au wa kubadilishana vitu. Mwalimu asipolisema hilo, mtoto atadhani nchi ilikuwa tupu. Mimi huwapa kazi ya kuandika siku moja ya safari kwa macho ya mtu anayeona magari yale yakikatiza malisho yake. Toleo jipya la 2021 limejitahidi upande huo kwa kushirikisha wanahistoria wenyeji wa Amerika, ila sijalitumia darasani.

Lugha ni Kiingereza tupu, kwa hiyo niliandaa karatasi ya maneno kabla ya kuanza. Na kipindi kimoja hakitoshi. Tenga vinne, kisha usishangae vikiwa sita.

Jambo dogo la kuchunga: wasafiri unawapa majina wewe mwenyewe. Mara ya kwanza walitumia majina yao halisi, mmoja "akafa" kwa kuhara damu, akanuna hadi mapumziko. Sasa wanabuni majina. Kiongozi akifa, mchezo unaruhusu kuandika maneno juu ya kaburi lake, na kundi la tatu walibishana karibu robo saa kabla ya kukubaliana: "Tulinunua risasi, tukasahau nguo."