Narnia kwa Kiswahili, mezani kwetu Moshi: uzoefu wangu wa miezi minane

Nianze na bei, maana najua wengi mnaanzia hapo. Kitabu cha kwanza nilikiokota soko la Memorial, chini ya rundo la vitabu vya mapishi vya Kizungu, kwa shilingi elfu tatu baada ya kuvutana sana. Jalada lilikuwa limetafunwa na panya pembeni na kurasa za mwisho zilikuwa zimeanza kuachia. Tulipokipenda nikaagiza seti nzima kwa muuzaji mmoja wa Arusha, simtaji. Nikamtumia elfu sabini na tano kwa simu, kesho yake kifurushi kikaja na basi. Kufungua, vitabu saba kweli kwa hesabu, ila cha kiti cha fedha viko viwili na cha merikebu hakimo kabisa. Nikampigia. Akaniambia, "Dada, hesabu vizuri, si ni saba?" Tangu hapo hapokei.

Haya, vitabu vyenyewe. Ni hadithi za kubuni za C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, aliyekuwa mwalimu wa fasihi Oxford na ambaye kwa miaka mingi hakumwamini Mungu hata kidogo. Vilitoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 mpaka 1956. Seti nyingi za siku hizi zimepewa namba upya, kile kinachoeleza jinsi nchi ya Narnia ilivyoumbwa kimewekwa cha kwanza, ingawa kilitoka mwaka 1955, cha sita. Usifuate hizo namba. Anza na cha kabati la nguo, ambamo watoto wanne wanaingia kabatini na kutokea kwenye theluji, mbele ya nguzo ya taa iliyosimama peke yake msituni. Ukianza na kile kingine utajua taa ilitoka wapi kabla hujapata nafasi ya kushangaa kwa nini ipo. Ni sawa na kuteguliwa kitendawili ambacho hakijategwa.

Nina watoto watatu. Binti mkubwa yuko kidato cha tatu na Kiingereza chake kinamtosha. Wa kati yuko darasa la sita, kitinda mimba la pili, na wote wawili wanasoma shule ya serikali, kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa macho Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili. Tulianza Juni baada ya chakula cha jioni, na Julai ile baridi ya Moshi ikaja kutusaidia, kila mtu amejikunyata karibu na jiko la mkaa.

Tatizo la kwanza lilikuja usiku wa kwanza, nalo ni neno mchawi. Nadhani mtoto wa Uingereza akisikia neno hilo anaona kikongwe mwenye kofia ndefu. Wangu, nilipolitamka tu, kitinda mimba aliangalia dirisha, akauliza kwa sauti ya chini, "Anakaa mtaa gani?" Nikafunga kitabu. Kesho yake nikambatiza jina jipya, Malkia Mweupe, mambo yakawa shwari kwa kurasa kama kumi, mpaka binti mkubwa aliyekuwa anachungulia begani kwangu akasema, "Mama, hapo unadanganya." Nikarudi kwenye mchawi. Nawashauri msilikwepe. Katika tafsiri yangu ya mdomo kitabu kilipata uzito ambao sidhani kama kinao kwa Kiingereza, kwa sababu huku kwetu mchawi anatisha kweli, na aliposhindwa watoto walipumua kweli.

Gumu zaidi lilikuwa lile ambalo mimi mwenyewe sikuliona. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliona jalada lile mezani, na habari zikamfikia mwinjilisti wa mtaa wetu kwamba mwalimu wa shule ya Jumapili anawasomea watoto vitabu vya wachawi. Alikuja kwa upole, akaomba kukiazima. Alikaa nacho wiki mbili na nusu. Alipokirudisha aliniambia, "Mama mwalimu, shida yangu si huyo mchawi, huyo ni adui na amepigwa. Shida yangu ni simba. Mbona na yeye nguvu zake zinaitwa uchawi?" Ana hoja, maana simba huyo ndiye bwana wa Narnia na anasimama mahali pa Kristo. Mwandishi anatumia neno moja la Kiingereza kwa hila za mchawi na kwa ile sheria iliyoandikwa tangu dunia inaanza, ambayo kwayo msaliti lazima afe, na pia kwa ile ya ndani zaidi ambayo mchawi hakuijua, kwamba asiye na hatia akijitoa kufa badala ya msaliti, mauti yenyewe yatarudi nyuma. Ukitafsiri zote "uchawi", umemfanya Bwana kuwa mganga. Mimi sasa nasema "hila" kwa mchawi na "sheria ya kale" kwa ile nyingine. Mwinjilisti aliridhika nusu. Ile nusu nyingine anaijua mwenyewe, ila cha pili naye amekiazima.

Sasa niseme lililonifanya niandike yote haya. Narnia imefungwa kwenye baridi kwa miaka mia moja, kila siku theluji, na Krismasi haifiki. Mimi niliposoma mara ya kwanza niliona ni maneno ya kupendeza tu, nikapita. Nilipowatafsiria watoto, wa kati aliweka kijiko chini. "Yaani hawaendi nyumbani?"

Mchaga atanielewa. Mwandishi wa Belfast hakuwa akiwaza habari ya mabasi ya Desemba kutoka Dar, foleni ya magari, nauli ya kukopa, mbuzi anayesubiri kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na shangazi ambao hamjaonana tangu mwaka jana. Lakini kwa wanangu Krismasi maana yake ni kupanda Machame kwa bibi, na nchi ambayo Krismasi haifiki ni nchi ambayo hakuna anayerudi kwao. Miaka mia! Kitinda mimba alitaka kujua kama theluji hiyo ni ile ya Kibo, ila imeshuka mpaka Majengo. Nikamwambia ndiyo, imefunika mpaka stendi. Tangu usiku huo sikuhitaji kuwaita mezani. Na Baba Krismasi alipotokea na mkokoteni wake wa theluji, akagawa upanga, pembe na kichupa cha dawa, kelele zilizopigwa zilimtoa jirani nje.

Mmoja wa wale watoto wanne wa kabatini, Edmund, anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya pipi laini ya Kituruki. Hapo nilisema haluwa. Wanangu hawakumheshimu hata kidogo. "Haluwa tu? Angalau chipsi mayai." Lakini baadaye, anaposamehewa, wakawa kimya. Kitabu kinasema alizungumza faragha na simba, na maneno yao hatuambiwi, kisha akawapa mkono ndugu zake mmoja mmoja akiomba radhi. Wa kati akauliza, "Hakupeleka sale?" Kwa wasiojua, sale ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba. Mtu akikukosea akaja na jani lake, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Sikuwa na jibu. Desemba, Machame, mtoto alimpelekea bibi yake swali hilohilo pamoja na hadithi nzima, kuanzia kabatini. Mama mkwe wangu alisikiliza huku anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Aliposikia kwamba mchawi alidai damu ya msaliti kwa mujibu wa sheria, na simba akaenda mwenyewe kwenye meza ya jiwe kunyolewa manyoya, kufungwa na kuchinjwa, akasema, "Hapo sale lisingetosha." Akaendelea kumenya.

Nimefundisha shule ya Jumapili miaka tisa na sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Katikati ya hayo kulikuwa na mgogoro wa kimichezo. Simba huyo anaitwa Aslan, ambalo kwa Kituruki ni simba tu, na mwanangu wa kati ni Yanga wa kufa. Hakukubali. Ilibidi nifungue Ufunuo 5:5 nimwonyeshe Simba wa kabila la Yuda, akasoma mara mbili, akasema ni makosa ya wachapaji. Panya nao walileta ubishi: usiku wanakuja kutafuna kamba zilizomfunga simba aliyekufa. Panya! "Hawahawa waliokula jalada?" Hawahawa.

Vilivyofuata havilingani. Cha pili, cha Caspian, mtoto wa mfalme, kinapoa katikati, niliruka kurasa. Cha merikebu ndicho ambacho hatuna, na pengo lake tumelisikia, maana humo ndimo anamoingia kijana mmoja mkorofi, Eustace, anageuka joka kwa ajili ya tamaa yake, na simba anamchuna ngozi ya joka ili awe mtu tena. Binti mkubwa alikiazima kwa mwenzake shuleni akatuhadithia, lakini kuhadithiwa si kusomewa. Sisi tulikutana na Eustace kwenye kiti cha fedha akiwa tayari ameshatulia, kama mtu unayeambiwa kanisani kwamba zamani alikuwa mlevi.

Hicho cha kiti cha fedha ndicho nikipendacho kuliko vyote. Kina kiumbe anaitwa Puddleglum, mrefu, ana miguu kama ya chura, na kila asubuhi anatabiri mabaya. Tunaye mjomba wa namna hiyo, ukimwambia mahindi yamestawi anakuuliza umeona viwavi. Mwishoni wamefungiwa chini ya ardhi, malkia anatupa unga kwenye moto, harufu tamu inajaa chumba, anapiga ala ya nyuzi taratibu na kuwashawishi kwamba jua halipo, walikuwa wanaota tu. Wote wanaanza kukubali. Puddleglum anaenda na mguu wake mtupu anaukanyaga moto. Harufu tamu inageuka harufu ya mguu ulioungua, na akili zinawarudia. Kisha anasema kwamba hata kama Aslan hayupo, yeye bado atakuwa upande wake. Hapo sauti ilinikatika, binti akamalizia kusoma.

Malalamiko sasa. Kitabu cha farasi na kijana, cha 1954, ni mbio nzuri za jangwani, lakini maadui wa Narnia wamechorwa watu wa ngozi nyeusi wenye vilemba, wakatili na wanaojisifu, huku weupe wa kaskazini ndio wenye uhuru. Sikulainisha. Niliwasomea kama kilivyo, tukasimama, tukazungumza nani aliandika na wa enzi gani. Cha mwisho kinaleta askari mmoja wa watu haohao, Emeth, ambaye simba anampokea ingawa maisha yake yote aliabudu mungu mwingine. Kuna watakaokasirika kwa upande huo, na mwinjilisti wetu hajafika huko bado, namsubiri. Katika kitabu hichohicho Susan, yule dada mkubwa wa watoto wa kabatini, hayumo pamoja na wenzake, na wanamsema kwamba siku hizi anajali rangi ya mdomo, soksi za nailoni na mialiko. Binti yangu wa kidato cha tatu aliondoka mezani. Sikumfuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepaka rangi ya mdomo siku ile.

Kwa watu wazima, jaribu kile cha 1942 cha mwandishi huyohuyo, barua za pepo mkongwe kwa mpwa wake anayejifunza kumpotosha Mkristo mpya. Kila kitu humo kimegeuzwa, Mungu anaitwa Adui, na unacheka mpaka unajikuta kwenye barua. Nilikisoma kwenye Kosta kwenda Arusha, jirani yangu wa siti akaona jalada lina pembe na mkia, akasogea dirishani kabisa. Tolkien, rafiki yake Lewis, Mkatoliki, aliandika lile hadithi kubwa la pete katika majuzuu matatu, 1954 na 1955. Mume wangu analisifu. Mimi kila nikifika kwenye nyimbo nalala.

Na kama Kiingereza ni kikwazo, Safari ya Msafiri ya John Bunyan ipo kwa Kiswahili tangu zamani, baba yangu alikuwa nayo. Bunyan, aliyekaa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa sababu ya kuhubiri, aliitoa mwaka 1678. Ni rahisi zaidi kwa mzee wa kanisa, maana kila mtu humo anaitwa kwa tabia yake na mzigo ni dhambi, basi. Wanangu waliipenda siku tatu. Walisema hakuna cha kubahatisha.

Kitinda mimba wako akiwa mwoga, subiri afike darasa la tatu, na sura ya meza ya jiwe isomeni pamoja na inayofuata kwa usiku mmoja, msimwache mtoto alale simba akiwa bado amekufa. Mimi nilifanya kosa hilo na saa nane usiku nilikuwa nimekaa kitandani namsomea sura inayofuata kwa tochi ya simu.

Nina kiti cha fedha cha ziada, kipya, hakijafunguliwa. Mwenye merikebu aseme, nitaleta hata mpaka Arusha.