Uzoefu wangu: mchoro wa kikaragosi cha mbao cha Rajasthan

Niliagiza mchoro huu kwa muuzaji wa mtandaoni kwa kuwa navipenda mno kathputli, vile vikaragosi vya mbao vya Rajasthan, nchini India. Aliyechorwa ni Amar Singh Rathore, bwana wa Nagaur aliyeuawa mwaka 1644 enzi za mfalme Shah Jahan, ambaye kisa chake huigizwa hadi leo na Wabhat, jamii inayorithishana kazi ya kuchezesha vikaragosi hivyo.

Kilichonifurahisha kuliko yote ni kwamba mchoraji amechora kikaragosi, hakuchora mtu. Kichwa, shingo na kifua vinaonekana wazi kuwa vimechongwa katika gogo moja la mwembe, pua ina ncha kali ya mbao iliyopitiwa na patasi, na jicho limerefushwa kwa wino mweusi hadi kukaribia sikio. Mikono imelegea, maana ni ya kitambaa kilichoshindiliwa pamba, na chini ya joho hamna miguu, kama ilivyo desturi, kwa sababu ni lile pindo refu linaloyumba ndilo humfanya shujaa aonekane anatembea pale uzi unapovutwa. Nyuzi nazo zimechorwa kwa uaminifu: zinapanda moja kwa moja hadi kwenye vidole vya mchezeshaji, bila kijiti cha kushikilia kama kile cha vikaragosi vya Ulaya.

Mtindo wenyewe umefuata phad, uchoraji wa kwenye nguo unaojulikana sana huko Bhilwara: rangi bapa zisizo na vivuli, nyekundu kwa mavazi, njano kwa mapambo, na mstari mweusi unaomalizia kazi. Katika phad, watu hutazamana wao kwa wao badala ya kumtazama mwenye kuangalia picha, na hapa Amar Singh, upanga juu, amemkazia macho adui asiyeonekana. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio uliokipa kipande hiki cha mbao uhai.

Nyekundu ya joho imekolea kupita ninavyopenda, kwani rangi za asili za phad hutokana na mawe na mimea, nazo huwa na utulivu zaidi. Karatasi ni nzito na ilifika bila mkunjo. Atakayeagiza achague saizi kubwa, kwa sababu katika ile ndogo, niliyoiona pia, nyuzi zinakaribia kupotea.