Dharura nyota tano, wodi ya kawaida mbili

Baba mdogo kidole tumbo kilimpasukia, nikamuuguza kwenye hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam (jina naliacha) tangu mlango wa dharura mpaka anaruhusiwa. Maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia chini kulia, halafu yakapoa, mwenyewe akasema amepona. Usiku tumbo likawa gumu kama ubao na homa ikapanda. Watu wananiuliza hospitali ile ikoje. Nawajibu: unaulizia kitengo gani?

Dharura sina la kulalamika. Jina hatujaandikisha, muuguzi keshampima presha, kambana kidoleni kile kidude cha oksijeni, kahesabu anavyopumua, kampa rangi nyekundu. Ukipewa nyekundu hukai foleni. Kijana tuliyemkuta na mkono uliovunjika alipewa njano, akabaki kwenye benchi ananung'unika, na ningekuwa yeye ningenung'unika pia. Dripu zikatundikwa, damu ikapelekwa maabara, antibayotiki ikaingia mshipani hata majibu hayajarudi. Daktari akaniambia usaha umeshamwagika tumboni, tukichelewa utaingia kwenye damu. Habari za bima ziliulizwa baadaye. Waliowahi kulala kwenye korido za kazuati za zamani, yaani mapokezi ya dharura, watanielewa. Idara kamili ya kwanza ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, juzi tu.

Ya thieta, chumba cha upasuaji, siwezi kusema mengi, nilikuwa nje na fomu ya ridhaa niliyosaini huku mkono unatetemeka. Ila daktari wa usingizi alikuja mwenyewe kuuliza: ana pumu? Amekula saa ngapi? Ana meno ya bandia? Hilo la meno lilinituliza, sijui kwa nini.

Akatoka huko presha inashuka hovyo, wakampeleka ICU, kwa wagonjwa mahututi. Muuguzi mmoja, kitanda kimoja. Kila saa anainama, anasoma mfuko wa mkojo, anaandika. Nikamuuliza mkojo una nini. "Damu ikipungua kufika kwenye figo, mkojo nao unapungua. Tunataka tujue mapema." Kumwona mgonjwa ni kwa zamu, mmoja mmoja, mikono unanawa kwanza. Mama mdogo alilia kwamba wanamficha mumewe. Mimi nilikuwa upande wa wauguzi, na nyumbani bado nasemwa.

Alipotolewa mpira wa kupumulia na presha ikasimama yenyewe, walimshusha HDU, wodi ya uangalizi wa karibu, hatua moja chini ya ICU. Huko mashine bado zipo, lakini muuguzi anagawana wagonjwa wawili watatu, na mzee alianza kuulizia uji.

Shida ilikuwa kuhamia wodi ya kawaida. Alihamishwa jioni, zamu zinabadilishana, faili likabaki nyuma. Sindano ya saa mbili usiku ikapita hivi hivi. Kuuliza, naambiwa nisubiri daktari wa raundi. Saa nne nikaenda kwenye meza ya wauguzi na karatasi niliyonakilia dawa zake kule HDU. Dada wa zamu akaisoma, akapiga simu, akaja kuchoma. Siwezi kumwita mvivu: alikuwa na mwenzake mmoja kwa wodi nzima, na kuna mgonjwa alikuwa anajaribu kushuka kitandani. Aliyepanga kumhamisha mgonjwa wa namna ile saa ile, bila muuguzi wa HDU kuja kumkabidhi pale kitandani, ndiye ninayemnyima nyota.

Mkilazimika kwenda, nakilini dawa na saa zake kabla hamjatoka kitengo chochote, na mwombe makabidhiano yafanyike mbele yenu. ICU inatozwa kwa siku, kwa hiyo ulizeni mapema bima inaishia wapi. Yetu ilikubali upasuaji na vitanda vyote. Dawa mbili tulinunua famasi ya nje, ng'ambo ya barabara, inakesha.