Nikon Coolpix P950 dirishani: ndege wa uani Mtwara

Kwa anayepiga picha za ndege bila kutoka nyumbani, kamera ya P950 ni chaguo zuri, mradi aelewe kwamba zumu yake ya mara 83 si ya kila wakati. Ukiivuta mpaka mwisho, sawa na lenzi ya milimita 2000, haishiki fokasi kwa kitu kilicho ndani ya mita 5. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, akitua kwenye ua la mgomba mita 3 kutoka dirishani, lenzi itahangaika mbele na nyuma mpaka ndege aondoke. Rudisha zumu kwanza, ndipo ubonyeze. Akiwa mita 10, fremu nzima ina upana wa sentimita 18 hivi: chozi anaijaza, na mng'ao wa koo unaonekana unyoya kwa unyoya.

Udhaifu wa kamera hii ni mwanga. Sensa ni ndogo, na zumu ikifika mwisho tundu la lenzi ni f/6.5, yaani dogo, linaloingiza mwanga kidogo. Juani, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 200 inakupa kasi ya shata ya sekunde 1/1000. Kivulini mwa mkorosho, ISO hiyohiyo inakushusha mpaka 1/80, na chozi hatulii hivyo. Ukipandisha ISO kupita 800, manyoya yanavurugika kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Basi sogeza ndege kwenye mwanga: sinia la maji, kina sentimita 2 au 3, pale jua la asubuhi linapopiga. Badilisha maji kila siku, mbu wasizaliane. Shore na tetere watakuja.

Eneo la fokasi liwe dogo kabisa, la sivyo linakamata jani au nondo za dirisha. Wavu wa mbu utoe. Hata lenzi ikiugusa, picha inapauka. Kamera ina gramu 1005, kwa hiyo ilaze juu ya mfuko wa mchele wa kilo 2 kwenye kizingiti cha dirisha, na utundike kanga yenye tundu la lenzi tu, ndege wasikuone. Kuanzia saa 4 asubuhi hewa juu ya mabati inachezacheza. Ukipiga kupitia juu ya paa la jirani, hata stendi haisaidii.

Ndege wako wakizoea kuja karibu zaidi ya mita 5, nunua kamera ya kubadilisha lenzi, hata iliyotumika, pamoja na lenzi ya milimita 55-250. Picha zitakuwa safi zaidi.

Kwa nyumba za Shangani na Mikindani, karibu na bahari, ifute kamera chumvi kila jioni na uihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, lenye vipakiti vya silika (silica gel) vya kunyonya unyevu. Lenzi ya P950 haifunguki, na ukungu ukishaota ndani hutaufikia kwa kitambaa.